Taya la Mamba na Ukambaa wa Ukindu

Nitegeeni masikio!

*Tumetega!*

Yamefunguka?

*Yamefunguka!*

Na midomo?

*Imefumba!*

Basi ikae hivyo hivyo. Ila nikiwauliza, "Mamba akafanya nini?" hapo mtaifungua na kujibu, "Kap!" Tujaribu. Mamba akafanya nini?

*Kap!*

Vizuri. Sasa sikilizeni, maana ngano hii si ya kuchekwa sana.

Ulikuwako mto. Mwaka mmoja mvua haikunyesha, na mwaka uliofuata haikunyesha vilevile. Mto ukapungua, ukawa kijito. Kijito kikapungua, kikawa vidimbwi. Vidimbwi vikakauka kimoja kimoja, mpaka likabaki dimbwi moja tu, penye kona, chini ya ukingo wa mchanga. Na ndani ya dimbwi hilo alikuwamo Mamba.

Wanyama walimwita Bwana Mkubwa, na si kwa mapenzi. Aliyetaka maji alikuja kwake. Aliyekuja kwake aliinama ili anywe. Na aliyeinama sana, Mamba akafanya nini?

*Kap!*

Taya lile likishafunga, limefunga. Siku moja lilimnasa ndama wa Nyati mguuni. Baba mtu akaja, akapenyeza pembe katikati ya meno, akainua. Taya likabana. Mama mtu akaja, akainua. Taya likabana. Wakaja wajomba, wakaja mashangazi, wakainua kwa pamoja, kwato zinachimba mchanga, na taya likabana vilevile, mpaka mfupa ukalia ta! na ndama akaenda majini. Tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu tena. Watu wakawa wanakunywa mbiombio, wanasukumana, kila mmoja akiomba kimoyomoyo kwamba leo awe mwingine.

Ng'ambo kidogo ya dimbwi aliishi kuchakulo mmoja, jina lake Sidi. Kuchakulo mnamjua: mnyama mdogo anayekaa shimoni, mkia manyoya matupu, meno ya mbele hayajui kuchoka. Sidi alikuwa na mume, Nzaro, na mabinti wawili, Kadzo na Umazi. Kila asubuhi Nzaro alishuka dimbwini, akauchovya mkia wake, akapanda nao mbio ukichuruzika, na watoto wakaunyonya. Hayo ndiyo yaliyokuwa maji yao.

Asubuhi moja Nzaro alishuka. Sidi akasikia, kap! Kisha akasikia, chubwi! Kisha hakusikia kitu.

Akasimama mlangoni pa shimo, anautazamia ule mkia utokeze juu ya ukingo. Kadzo akauliza, "Mama, maji?"

"Yanakuja, mwanangu."

Jua likapanda mpaka utosini, na Sidi bado amesimama pale pale.

Hakupata hata nafasi ya kukaa matanga. Siku chache baadaye nyati walishuka kwa kiu, kundi zima, wakapita juu ya shimo lake, gudu gudu gudu, na shimo likaporomoka. Sidi akafukua kwa mikono, akamtoa Kadzo mzima, akamtoa Umazi mguu umevunjika. Akasimama uwanjani na watoto wawili na jua la mchana.

Juu ya ukingo palikuwa na fuvu. Lilikuwa la mamba, kubwa kama mtumbwi mdogo, la kaka yake Bwana Mkubwa. Ndugu wawili hao waligombania dimbwi maji yalipoanza kupungua, na huyu ndiye aliyeshindwa. Alijikokota mpaka pale juu, akafa, tai wakamla, jua likamkausha. Hakuna mnyama aliyelisogelea fuvu lile. Sidi alilisogelea. Akachungulia. Ndani mlikuwa na kivuli, na mchanga wake ulikuwa baridi. Akawaingiza wanawe. Umazi akamlaza katika tundu la jicho la kulia, mguu ukiwa umenyooshwa. Kadzo akachagua la kushoto. Yeye mwenyewe akalala nyuma, pale ambapo taya la chini linakutana na kichwa kama bawaba ya mlango.

Jirani yake alikuwa Pimbi, jina lake Mbodze, mkaa majabalini, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema. Alikuja kumtazama, akasimama mbali.

"Shoga, umekosa pa kulala mpaka ukalale ndani ya kichwa cha adui?"

"Kichwa hiki mwenyewe hayumo tena, Mbodze. Kimebaki kivuli."

"Mimi nisingepata usingizi."

"Na mimi sipati. Lakini ningekesha popote."

Sasa, kuchakulo asipoguguna, meno yake hurefuka mpaka yakamziba kinywa. Kwa hiyo Sidi aliguguna. Aliguguna kilichokuwapo, na kilichokuwapo ni fuvu. Tai walikula nyama laini, wakaacha iliyoshikamana na mfupa, nayo ilikauka ikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Sidi akaanza na ile iliyokuwa ndani ya shavu, iliyotoka pembeni mwa fuvu, ikapita tunduni, ikashuka na kulikamata taya la chini. Kru, kru, kru. Ilikuwa nene kuliko mwili wake. Aliguguna asubuhi, aliguguna jioni, siku ikaisha, nyingine ikaisha, na bado hajafika katikati. Akapumzika, akahamia nyuma. Huko, nyuma ya bawaba, taya la chini lilikuwa limechomoza kidogo, kama kisigino. Kwenye kisigino hicho palikuwa na nyama nyingine, imetoka kisogoni ikaja ikashika hapo. Akaiuma. Kru! Ikakatika.

Sidi akaduwaa. Akaitazama ile nene. Akaitazama ile nyembamba.

Akaweka kidole kwenye panja lake mwenyewe, hapa, kando ya jicho, akauma meno. Nyama ikavimba chini ya kidole. Akaachama. Nyama ikalegea. Akauma tena, ikavimba. Akaachama, ikalegea. Kumbe hii ni ya kufunga. Akapeleka kidole nyuma ya taya la lile fuvu, kwenye kisigino. Ukikivuta hiki kwenda juu, mdomo unafunguka. Hii ndiyo ya kufungua. Na hii imekatika kwa jino moja.

"Umazi," alimwita mwanawe, maana hakuwa na mtu mzima wa kumwambia. "Wale nyati walikuwa wakifanya nini siku ile ya ndama?"

"Walikuwa wanafungua mdomo, mama."

"Walikuwa wanafungua," akasema Sidi. "Kila mtu hufungua."

Lakini nyama ya maiti iliyokauka si nyama ya aliye hai, na Sidi hakuwa mtu wa kuweka roho ya wanawe juu ya jambo asilolihakiki. Akawa kila siku anakaa puani mwa fuvu, anamtazama Bwana Mkubwa kule chini. Akatazama, akatazama, mpaka siku moja akaja Korongo.

Korongo yule, ndege mkubwa, miguu mirefu, alichoka kusimama mchangani panapounguza. Mamba alikuwa amelala ukingoni, mdomo umefumba, na Korongo akamdhania gogo. Akatua juu ya pua yake, pu! Wakati huohuo akapita kambare, taratibu, mbele ya meno ya Mamba kabisa. Mamba akafanya nini?

*Kap!*

Hapana! Leo mmekosea. Hakufanya kitu. Kambare akapita akaenda zake. Wanyama waliokuwapo wakanong'onezana, "Leo ameshiba." Lakini Sidi, kutoka juu, aliona nyama ya nyuma ya kichwa cha Mamba ikitetemeka, tete tete tete, inajaribu kuinua kichwa, na Korongo mwenyewe hata hakuhisi. Ndege akaruka, mdomo ukaachama, na Mamba akaonekana kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Hata yeye hakujua kilichomzuia. Angejuaje? Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumfumba mdomo.

Siku hiyo Sidi alikwenda kwa Mbodze.

"Utanishikia watoto?"

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bwana Mkubwa."

Mbodze akashika kichwa. "Sidi, ukitaka kumfuata Nzaro, sema nikulilie mapema."

"Sitaki kumfuata. Nataka maji." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na nataka kujua kama alisema neno. Mwisho pale. Kama alisema lolote."

Mbodze akashusha mikono kichwani. Akawachukua watoto.

Sidi akakata majani ya mkindu uliokuwa umeota kando ya mto, mkindu mgumu usiosikia ukame. Akayachana nyuzinyuzi, akayaloweka katika tope, akasuka ukambaa, mwembamba na mrefu, akauviringa begani. Akashuka.

Mamba alifungua jicho moja.

"Kuchakulo," akasema. "Unajileta mwenyewe? Au mmechoka kusubiri zamu huko kwenu?"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nimekuja na habari. Tembo wako njiani."

Jicho la pili likafunguka. Mjue, Mamba huyu aliwahi kumuuma tembo mkongani, na tembo akamnyanyua juu juu akambwaga mchangani kama mkeka, mbele za watu. Jambo hilo halikumtoka.

"Wengi?"

"Wamejaa njia nzima, wakubwa kwa watoto. Watakunywa hapa, maana hawana pengine. Watu wanasema, Bwana Mkubwa atawaacha wapite, kwa sababu taya lake linaishia kwa nyati. Nikasema, hapana. Nikasema, ninalala kichwani mwa ndugu yake, nimeziona nyama za taya lake zilivyo, najua zinavyoweza kuongezwa."

"Kuongezwa vipi?"

"Nguvu ya kuuma inakaa hapa," Sidi akagusa panja lake. "Kila unapoachama, inavuja. Unaachama kupunga upepo, inavuja. Unaachama kupiga miayo, inavuja. Yule anayetaka kumuuma tembo aufunge mdomo, atulie, nguvu zirudi mashavuni zijae. Mwanangu Umazi mguu umevunjika, nimemlaza, hautumii. Kila siku unazidi kuwa mnene. Tembo wenyewe wakifika, utafungua, na yule utakayemuuma atalia kwa lugha ya mama yake."

Uongo mtupu. Mguu wa Umazi ulikuwa umekonda kama njiti ya kiberiti kwa kulala, na Sidi aliuona kila asubuhi akaufunika.

Mamba akafikiri. Kisha akaachama, polepole, mpaka lile shimo la kinywa likawa kubwa kuliko mlango wa nyumba.

"Daktari wa mataya lazima alione taya," akasema, na maneno yakatoka kooni kama maji ya bomba bovu. "Ingia utazame."

Sidi aliingia.

Sikilizeni vizuri hapo. Aliingia. Aliweka mguu juu ya ulimi, ule ulimi ulioganda chini usioweza hata kulamba mdomo, akapita katikati ya meno, yaliyo marefu huku na yaliyovunjika huku, na mengine machanga yanachipua chini ya yaliyong'oka. Palinuka. Alitembea mpaka mwisho, karibu na bawaba, akabonyeza shavu kwa ndani. Nene kama gogo la mnazi. Akabonyeza nyuma, kwenye kile kisigino. Nyepesi. Hapo ndipo alipokuwa Nzaro, akawaza. Hapahapa. Akashika jino la karibu kwa mikono miwili.

"Kuchakulo," koo likasema chini ya miguu yake. "Kitu gani kinanizuia nisifunge sasa hivi?"

"Hakuna kitu, Bwana Mkubwa."

"Hakuna?"

"Ukifunga utapata mimi. Nitakwama kwenye jino lako la nyuma na ladha hutaipata. Tembo watakuja, watakunywa, watakwenda, na watu watakuwa wanatazama."

Mate yakamdondokea mgongoni, to, to, to. Kisha Mamba akasema, "Toka. Funga hicho kijikamba chako."

"Ni chembamba mno, Bwana Mkubwa, labda nitafute kingine..."

"Funga! Mimi navunja paja la nyati. Nikitaka kukikata, si kitakatika?"

"Vipi kisikatike," akasema Sidi.

Akazunguka. Akaupitisha ukambaa chini ya kidevu, akaupandisha juu ya pua, akavuta. Akaupitisha, akaupandisha, akavuta. Akawa anaimba ili sauti yake isitetemeke:

*Zunguka ukindu, zunguka,*
*Bwana Mkubwa atulie,*
*Nguvu zirudi panjani,*
*Shavu lake lijazie.*

Akaupitisha, akaupandisha, akavuta. Ukambaa ulipokwisha akafunga fundo, akafunga jingine juu yake, akarudi nyuma upande wa pua, ambako mkia haufiki. Jua lilikuwa kali. Ukindu mbichi ukakauka, ukajivuta, ukakaza.

Wanyama walikuwa wamejaa ukingoni kutazama. Swala mmoja mwenye kiu akashindwa kuvumilia. Akashuka, akainama, akanywa. Mamba akamwona. Tamaa ikamshika. Mamba akafanya nini?

Mbona mmenyamaza?

Naye alinyamaza hivyohivyo. Alifanya, "Mmh!" Akajaribu tena, "Mmmh!" Hasira zikampanda, na mwenye hasira huuma meno, na akiuma meno nyama zile nene zinavuta kwenda kufunga. Akazidi kukasirika, akazidi kujifunga. Nyuma ya kichwa nyama ile nyembamba ikatetemeka, tete tete tete. Ukambaa haukulia hata pa! Akajisugua mchangani, na mchanga hauna makali. Akanyoosha mikono, na mikono yake mifupi haifiki puani. Akapiga mkia, pwaaa! maji yakaruka mpaka juu, wanyama wakatawanyika, na mkia ule ukampata mzee Ngiri ubavuni, akaanguka na hakuinuka. Msidhani siku ile ilikwenda bila kilio. Kisha Mamba akazama katikati ya dimbwi, akabaki macho tu juu ya maji.

Wanyama wakarudi, mmoja mmoja. Wakainama. Wakanywa. Kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze wakanywa taratibu, wakainua vichwa, wakatazamana. Hakuna aliyeshangilia. Nyati mama alikunywa, akasimama palepale miguu ikiwa majini, analia bila sauti.

Tembo wakaja kweli, maana njaa na kiu viliwasukuma wote huko. Wakanywa, wakamwagia watoto wao maji mgongoni, wakaondoka. Mamba akawatazama wakija, akawatazama wakienda.

Sidi alichukua maji kwa mkia wake mwenyewe sasa. Na kila alipoona ukindu unachakaa, alingoja Mamba apande kuota jua, akamjia kwa upande wa pua, akaongeza ukambaa mpya juu ya ule wa zamani. Hapo ndipo alipokuwa akimuuliza. Alikaa mbele ya lile jicho la manjano, akasema, "Nzaro alisema nini?"

Jicho likamtazama.

"Alikuwa kuchakulo kama mimi. Sikio la kushoto lina pengo. Alisema nini?"

"Mmh," akasema Mamba.

Na Sidi akarudi fuvuni mwake akiwa mzito wa moyo. Ulimwengu mzima alikuwapo mmoja tu mwenye jibu, na mdomo wake ndiyo huo aliokuwa ameufunga yeye. Mara mbili tatu alikuta meno yake yamegusa fundo. Akaona wanyama wanakunywa pale chini, akayatoa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mvua ikanyesha.

Ilinyesha, mto ukashuka kwa ngurumo, vidimbwi vikajaa, vijito vikakumbuka njia zao. Wanyama wakatawanyika, kila mmoja na maji yake. Kukawa hakuna tena wa kumhitaji Mamba wala dimbwi lake. Na Sidi akamwambia Mbodze, "Nakwenda kumfungua."

"Una wazimu!"

"Mguu wa Umazi umeuona ulivyo? Tumeukanda, tumeutembeza, na hata sasa anachechemea. Na Mamba mwenyewe umemtazama mashavu? Yamebonyea. Mapanja yake yamekuwa mashimo. Nyama isiyofanya kazi inakwisha, Mbodze."

"Na kama haijakwisha yote?"

Sidi akashuka.

Mamba alikuwa juu ya mchanga, amekonda, ngozi imemning'inia kama nguo ya kuazima. Sidi akapanda puani, akaguguna. Kru, kru, kru. Ukambaa wa juu ukaanguka. Kru, kru, kru. Wa chini ukaanguka. Akaruka pembeni.

Mdomo ukafunguka polepole, ukalia kama mlango wa ghala lisilofunguliwa.

"Nzaro," akasema Sidi. "Sikio la kushoto lina pengo. Alisema nini?"

Mamba akavuta pumzi. Akatafuta. Mtu angedhani anatafuta kwa dhati, na pengine kweli alikuwa anatafuta.

"Kuchakulo?" akasema hatimaye. "Niliwahi kula kuchakulo?"

Sidi hakusogea. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, amejiandaa kwa kicheko, amejiandaa hata kusikia kwamba Nzaro alilia. Kwa hilo hakujiandaa. Akabaki amesimama, na hapo aliposimama palikuwa karibu mno. Mamba akafanya nini?

*Kap!*

Taya lilimnasa katikati. Mbodze kule majabalini akapiga ukelele. Sidi akafumba macho, akangoja mfupa wake ulie ta!

Haukulia. Meno yalimbana kama mkono wa kikongwe unaposhika wa mjukuu. Yalichubua ngozi, damu ikatoka kidogo, basi. Mamba akakaza. Mapanja yake yale yaliyobonyea yakacheza, na hakuna kilichotokea. Sidi akafumbua macho, akayaona yale ya Mamba karibu kabisa, na ndani yake mkawa na hofu, hofu ileile aliyokuwa akiiona kwa wanaokuja kunywa. Akaweka mikono juu ya jino, akasukuma, akatoka.

Sidi alipanda ukingo akitokwa na damu, na nyuma yake Mamba akabaki anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, hewa tupu. Wanasema tangu hapo aliishi kwa konokono na samaki waliokwisha kufa.

Wanawe walikuwa wanamngoja mlangoni pa fuvu. Umazi akachechemea kumlaki, akaona damu, akaanza kulia. Sidi akaketi, akawakumbatia.

"Mama," akasema Kadzo, "ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akasema baba alisema nini?"

Sidi akatazama mto. Maji yalikuwa yanapita mengi, mekundu, yamebeba matawi.

"Amesema aliwaita," akasema. "Kwa majina. Kadzo kwanza, kisha Umazi. Akasema siku maji yakiwa si hatari tena, muende mkanywe."

Watoto wakashuka mtoni. Sidi akabaki juu, anawatazama wakichovya mikia.

Ngano yangu imetafunwa, imemezwa, aliyebakiwa na kipande mdomoni akiteme nje. Na funzo lake, watoto, kalikamateni vizuri mkamweleze kila mtu: uongo haujawahi kumfaa mtu yeyote, hata siku moja. Mbona mnanitazama hivyo?